Njia ya Mfongo

Watu wengi wakisikia neno utamaduni hufikiria ngoma, mavazi na hadithi za jioni. Hatusemi kwamba wamekosea, kwani hayo nayo ni mali ya taifa. Lakini uko utamaduni mwingine usiochezwa jukwaani wala kuvaliwa siku ya sikukuu, nao ni utamaduni wa kazi: jinsi watu walivyopatana kuyapata maji na kuyagawa, jinsi walivyomwadhibu mvivu bila ya kumfukuza, na jinsi walivyomwachia mjukuu kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyeweza kukifanya peke yake. Marehemu Mwalimu Julius Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, mwezi Desemba 1962, alitaka tujitafute katika mambo yetu wenyewe. Katika insha hii tunataka kumchukua msomaji katika njia moja ya miguu, kando ya mto mmoja, tujitafute huko. Tena tunataka kukiri kosa, maana njia hiyo ina alama ya mkono wetu.

Mto wenyewe ni Rau. Hutoka katika msitu wa Mlima Kilimanjaro, ukateremka kati ya vihamba vya migomba na kahawa, ukapita upande wa mashariki wa mji wa Moshi, kisha ukaingia katika nyanda za chini penye mashamba ya mpunga. Maji yake ni sehemu ya maji ya bonde la mto Pangani, ambayo mwisho wake ni Bahari ya Hindi. Sisi tulizaliwa huko juu. Tulipokuwa watoto hatukwenda shule kwa barabara. Tulikwenda kwa njia ya mfongo.

Kwa msomaji asiyeijua nchi ya Wachaga, mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mkono, unaochepusha maji kutoka mtoni na kuyapeleka kwenye migongo ya milima iliyo kati ya mto na mto. Katika Kilimanjaro mito hupita ndani ya makorongo marefu, na watu hukaa juu ya migongo. Mtu aweza kusikia mto chini ya nyumba yake usiku kucha na asubuhi akakosa tone la kunywesha mgomba. Kwa hiyo wazee walipanda juu, mahali ambapo mto haujazama sana, wakajenga banio la mawe, magogo, matawi na udongo wa majani, wakayatoa maji pembeni na kuyaongoza polepole kwenye ubavu wa mlima, mwendo wa saa nzima au zaidi, mpaka yakafika juu ya mgongo. Mifongo ya namna hiyo ilihesabiwa kwa mamia. Harry Johnston, Mwingereza aliyekaa mlimani mwaka 1884, ni mmoja wa wageni walioistaajabia.

Na kandokando ya kila mfongo palikuwa na njia. Hiyo ndiyo njia tamu kuliko zote mlimani. Njia nyingine za Kilimanjaro ama zapanda ama zashuka, na mtu mwenye mzigo huzijua kwa magoti yake. Njia ya mfongo haipandi wala haishuki, kwa sababu maji hayapandi, na yakishuka kwa kasi hula kingo. Huuzunguka mlima kwa upole, ikiingia katika kila bonde na kutoka. Mtoto aliyepita humo alikwenda shule huku maji yakitembea naye ubavuni, wala hakuhitaji saa: kama maji yalikuwa machafu alijua kwamba huko juu watu wameanza zamu zao, naye amechelewa.

Mwezi Juni, tulipopata likizo, tuliirudia njia ile. Tulikwenda pamoja na wanafunzi kumi na mmoja wa kidato cha tatu, mwalimu wao wa jiografia, na Baba Mkubwa wetu, ambaye amevuka miaka 80 na ndiye aliyekuwa mlinzi wa mwisho wa mfongo wa ukoo wetu. Tunasema wa mwisho kwa sababu mfongo ule haupitishi maji tena tangu mwaka 1998. Tulianzia chini, mkia wa mfongo ulikokuwa ukiishia, tukaufuata kwenda juu kama mtu afuataye uzi kuutafuta ushungi wake.

Huko mkiani hapakuwa na jambo la kuonyesha. Palikuwa na shamba la mahindi lililonyauka, na kando yake kijishimo kirefu kisichofika goti, kimejaa majani. Wanafunzi walitazamana. Mmoja alisema kwa heshima, “Babu, huu ndio mfongo?” Mzee akajibu, “Huu ndio mkia wake. Zamani hapa palikuwa ulezi.” Akaeleza kwamba ulezi ndio uliokuwa na haki ya kwanza ya maji ya kiangazi, kwa kuwa bila ulezi hapana mbege, na bila mbege hapana harusi, wala matambiko, wala kesi inayokwisha kwa amani. Kahawa ilikuja baadaye, ikapata sehemu yake, na ulezi ukarudi nyuma mwaka hadi mwaka.

Tukaendelea. Baada ya shule ya msingi njia iliingia katika vihamba, na hapo ndipo tulipoanza kuona kazi ya wazee. Mfereji ulikuwa umekauka, lakini umbo lake halikufutika: ukingo wa chini umeinuliwa na kukandamizwa, na mizizi ya miti iliyopandwa makusudi inaushika hata leo. Mwalimu alikuwa na kipimo cha maji cha fundi mwashi na kamba. Wanafunzi wakapima mteremko mahali pasipoporomoka, wakaona ni mdogo mno, hata mara mbili walidhani wamekosea, wakarudia. Wakamwuliza mzee walipima kwa kitu gani. Alicheka. “Maji yenyewe ndiyo yaliyopima. Unachimba kidogo, unayaita. Yakija, unaendelea. Yakikataa, umekosea wewe, siyo maji.”

Mwendo wa nusu saa mbele tulifika kwenye nduwa. Nduwa ni bwawa la kuhifadhia maji ya usiku. Mchana maji yaligawanywa kwa zamu, huyu kuanzia alfajiri, yule kuanzia saa sita, na usiku, wakati watu wamelala, yalikusanywa humo ili kesho yatoke kwa nguvu. Nduwa yetu sasa ni uwanja. Vijana wameweka magoli ya miti, na katikati, pale palipokuwa tope ambalo sisi tulikatazwa kulikanyaga, nyasi imekwisha kwa mpira. Hatukuhuzunika sana, kwani watoto wanacheza. Lakini Baba Mkubwa alisimama ukingoni akatuonyesha tundu lililozibwa kwa mawe. “Hapa,” alisema, “ndipo nilipomtoza baba yako debe la pombe.”

Kisa chenyewe hatukupata kukisikia kabla ya siku hiyo. Baba yetu, alipokuwa kijana, alifungua tundu usiku akaiba zamu ya jirani mjane. Asubuhi kikao kikakaa. Hawakumpiga wala hawakumnyima maji daima. Walimtoza mbege, wakainywa pamoja naye, na kwa zamu mbili mfululizo maji yake yakaenda kwa mjane. Kisha mambo yakaisha, na baba yetu akaishi kuwa mmoja wa wachimbaji hodari. Tuliwaambia wanafunzi waliandike hilo. Sheria iliyoweza kumwadhibu mtu na kumbakisha ni jambo la kufundishwa.

Tusiwadanganye vijana, hata hivyo, kwamba zamani hapakuwa na dosari. Msichana mmoja katika msafara wetu aliuliza, “Na bibi zetu walikuwa wapi siku ya kuchimba?” Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Walituletea chakula. Maji waliteka. Neno kikaoni hawakuwa nalo.” Akaongeza taratibu, “Tulikosa hapo. Aliyejua nyumba inataka maji kiasi gani ni mama.” Tena walikuwapo watu wa ukoo dhaifu waliopewa maji ya mwisho, na walikuwapo Wamangi waliowatoa watu kwa nguvu wakachimbe mfongo wa bwana. Anayeusifu utamaduni bila kuutazama usoni hautendei haki.

Wala Wachaga si peke yao. Mwanafunzi mwingine alitaka kujua kama kazi hii ipo mahali pengine, tukamjibu kwamba ipo mahali pengi. Wapare wana mabwawa yao yaitwayo ndiva. Wasonjo wa kaskazini wana vijito vyao na baraza la wazee wa maji. Wamarakwet wa Kenya wanapitisha maji kwenye majabali ya ukingo wa Bonde la Kerio hata leo. Na huko Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, yamebaki matuta na mifereji ya mawe ya watu waliolima hapo kuanzia karibu na karne ya 15 hadi ya 18, kisha wakaondoka. Mtu akitembea Engaruka huona mifereji bila wachimbaji. Tulipolisema hilo, tulijisikia kama watu wanaosoma habari zao wenyewe kabla ya wakati.

Juu zaidi njia ilifika kwenye kijito kilichokata ubavu wa mlima. Zamani maji ya mfongo yalivushwa hapo kwa gogo lililochongwa kama mtumbwi. Gogo halipo, ila yamebaki mawe mawili makubwa yaliyoliegemeza. Tukashuka tukapanda, na mara tukasikia Rau. Mto haukuwa mkubwa kama ule wa utoto wetu, lakini ulikuwa mto. Banio lilikuwa limebomoka kabisa, na mahali pake palikuwa na mawe meusi yaliyotawanyika na gogo moja lililooza, huku maji yakipita katikati bila kututambua.

Hapo ndipo tulipolazimika kusema tulilolificha kwa miaka mingi.

Mwaka 1996 sisi tulikuwa karani katika ofisi moja ya serikali. Sheria ya mwaka 1974 ilikwisha kusema kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya Jamhuri, na kwamba mtu wa kuyachepusha awe na kibali. Sheria hiyo ilikuwa na sababu zake. Mto hauishii kwenye kihamba cha mtu. Chini yetu walikuwapo wakulima wa mpunga wa mradi wa Moshi Chini, uliokamilika mwaka 1987, na chini yao bwawa la Nyumba ya Mungu, na mitambo ya umeme ya mto Pangani. Wote hao wanakunywa katika kikombe kimoja na sisi, na anayekaa juu asipokumbushwa husahau kwamba chini wako watu.

Basi zikaandaliwa barua kwa wenye mifongo: wajiandikishe, walipe ada, na pasiwe na mtu wa kujenga wala kutengeneza banio bila kibali. Pamoja na barua ilikwenda fomu. Fomu ile tuliipiga chapa sisi. Ilikuwa na mstari mmoja ulioandikwa “Jina la Mmiliki”, na mbele yake nukta za kutosha jina la mtu mmoja. Tulijua, maana tulizaliwa kando ya mfongo, kwamba mfongo hauna mmiliki. Una mwanzilishi, ambaye jina lake huitwa, una mlinzi, una watu wa zamu. Tungeweza kumwambia mkubwa wetu wa kazi kwamba mstari ule hautoshi. Hatukumwambia. Tulikuwa vijana, tumemaliza sekondari, tumepata kazi ya kiti na meza, na tuliona haya kujulikana kuwa watu wa mfongo. Tukapiga chapa nakala, tukatia herufi za majina yetu chini kabisa pembeni, kama desturi ya makarani, na barua zikaenda.

Huko nyumbani ukoo ukakaa kujaza fomu. Jina la nani? Wajukuu wa mwanzilishi wakasema ni lao. Wachimbaji wa siku zote wakasema jasho si la ukoo mmoja. Fomu haikujazwa. Mwishoni mwa 1997 zikaja mvua kubwa zile za El Niño, zikaendelea hadi mwaka uliofuata, na banio likaondoka na mto. Hapakuwa na mtu wa kulijenga, kwa kuwa kibali hakikuwapo, na kibali hakikuwapo kwa kuwa jina halikuwapo.

Tulimweleza Baba Mkubwa haya yote pale pale, mbele ya wanafunzi. Aliendelea kutazama maji. Kisha akasema, “Mwanangu, ile barua ninayo. Herufi zako nilizisoma siku ile ile. Mimi ndiye niliyekufundisha kuziandika.”

Hatukuwa na la kusema. Akaendelea: “Lakini usijitwike mto mzima. Banio lilibomoka mara ngapi kabla ya hapo? Babu yako angepiga pembe asubuhi, na jioni maji yangerudi. Sisi tulikusanyika kuisoma barua. Tulikwisha kuchoka. Vijana walikuwa Arusha na Dar es Salaam, kahawa haikuwa na bei, na bomba limefika kijijini. Barua ilitupa sababu ya kukaa.”

Ndugu msomaji, maneno hayo hayakututoa katika kosa. Yalitufundisha ukubwa wake. Mfongo haukuwa shimo. Shimo bado lipo, tumelitembea toka mkia hadi kichwa. Mfongo ulikuwa mapatano ya watu, na mapatano hayo yalikuwa yakitengenezwa upya kila mwaka kwa jembe. Mwaka jembe liliposimama, mapatano yalikufa, na lililobaki ni njia ya miguu. Sisi tuliokuwa ofisini hatukuua kitu kilichokuwa na afya. Lakini tulikuwa na nafasi ya kukipa jina lake sahihi katika karatasi za nchi, tukakipa jina la uongo. Karatasi ikisema uongo juu ya kazi ya watu, watu wenyewe mwisho huamini karatasi.

Ilitupasa kutubu kwa desturi. Kwa Wachaga, mtu aliyekosa humpelekea mwenziwe jani la isale, na aliyepelekewa isale hawezi kukataa kusamehe. Isale bado imepandwa kwenye mipaka ya vihamba. Jioni ile tulikata jani moja, tukalifunga fundo, tukampelekea Baba Mkubwa kwa mikono miwili. Alilipokea, akaliweka juu ya mlango. Hakutoa hotuba. Alisema tu, “Jumamosi njoo na jembe. Njoo na wale watoto, na mama zao.”

Jumamosi tulikwenda. Tulikuwa watu 23, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Tulisafisha hatua kama mia mbili za mfereji, kuanzia mtoni. Maji hayajapita, wala hatutaki msomaji afikiri kwamba yamepita. Banio litahitaji kibali, kama inavyostahili, na litahitaji kujengwa kwa namna ya kuwaachia maji walio chini; wazee walisema banio la zamani lilivuja, na katika kuvuja huko jirani wa chini alipata haki yake. Lakini sheria ya mwaka 2009 imetambua jumuiya za watumia maji, na safari hii orodha ya majina imeandikwa na wanafunzi kwa mkono, kurasa mbili, wake kwa waume. Hakuna aliyeuliza nani mmiliki.

Kwa walimu tuna ombi moja. Karibu kila shule ya nchi yetu ina njia ya zamani karibu nayo: mfongo, ndiva, njia ya misafara, kisima cha mawe, au shamba la matuta lililoachwa. Wapelekeni vijana wakaitembee kwa miguu, wakiwa na kamba na daftari, pamoja na mzee mmoja anayeijua. Waanzie mkiani, waende mpaka kichwani. Wapime, wachore, waulize nani alichimba na nani alinyimwa. Na wakishakuwa makarani na wakubwa wa ofisi, maana watakuwa, wakumbuke kuitazama fomu kabla ya kuipiga chapa, waone kama watu wao wanaenea katika mistari yake.

Kwa vijana tuliochimba nao Jumamosi ile tuliandika ubeti mmoja, nao wameubandika darasani. Tunaumalizia hapa:

Mfongo wataka jembe, wataka na mapatano,
Tena wataka na pembe, ya kuitia mikono,
Mmoja hata aimbe, hayaji maji kwa neno,
Twende sote tukachimbe, vizazi vipate vuno.